Pumzi Imekubali, Mfupa Bado: Kisa cha Mkimbiaji Mpya Aliyeumia Wiki ya Sita

Mkimbiaji wa kisa hiki ni mwanamke wa miaka 38, uzito kilo 64, mwenye kazi ya kukaa mezani kutwa. Tangu amalize shule hakuwa amekimbia. Lengo lake lilikuwa mbio za kilomita 21 zitakazofanyika wiki ya 18 tangu aanze mazoezi, na ratiba aliipakua kwenye simu. Mwisho wa wiki ya sita aliniandikia: "Kocha, mguu wa kushoto unauma mbele, chini ya goti. Kushuka ngazi nashindwa. Nipumzike siku mbili au nivumilie tu?"

Swali hilo wanaoanza huliuliza kila msimu, na majibu wanayopewa huwa mafupi mno: kanunue raba nyingine, nyoosha misuli, paka dawa. Nimechagua kulichambua kwa urefu, kwa ruhusa yake na bila kutaja jina, kwa sababu dada huyu alikuwa na kitu ambacho wengi hawana. Aliandika kila alichofanya: kilomita, dakika, mapigo ya moyo, alivyolala, na alivyojisikia. Daftari lile ndilo lililotuonyesha kilichotokea.

Daftari linasemaje

Wiki ya kwanza alikimbia kilomita 6 kwa jumla, siku tatu, akichanganya na kutembea. Wiki ya pili 8. Wiki ya tatu 11, ikiwemo kilomita 5 za mwisho wa wiki alizokimbia kwa dakika 29 na sekunde 30. Pembeni ameandika kwa herufi kubwa: "SIKUTEMBEA HATA MARA MOJA." Furaha hiyo naielewa kabisa. Kukimbia kilomita tano bila kusimama, kwa mtu aliyekuwa akihema kwenye ngazi mwezi mmoja nyuma, ni jambo kubwa.

Wiki ya nne kazi zilimzidi. Ratiba ilitaka kilomita 13, yeye akapata 7, kwa kuwa mbio ndefu ya kilomita 6 ilimponyoka. Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Wiki ya tano ratiba ilisema 15, naye hakutaka kubaki na deni, akaichomeka ile mbio iliyokosekana katikati ya wiki. Jumla ikawa 21 kwa siku nne, mbili kati yake zikifuatana. Kutoka 7 hadi 21 ni mara tatu. Baada ya mbio ya kilomita 7 ya wiki hiyo ameandika: "Mguu wa kushoto unakaza mwanzoni, ukipata joto unaachia." Wiki ya sita alikimbia 4, tena 4, kisha Jumamosi akaungana na marafiki waliomzidi uzoefu, wakakimbia 10. Walimaliza kwa dakika 61 na sekunde 40. Jumapili asubuhi hatua ya kwanza kutoka kitandani ilimfanya ashike ukuta.

Ukisoma daftari haraka utasema ameongeza kilomita upesi, basi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kisa. Angalia safu ya mwendo. Karibu kila mbio, fupi au ndefu, ilikuwa kati ya dakika 6:05 na 6:15 kwa kilomita, na mapigo ya moyo wastani wa 172 kwa dakika. Mapigo ya juu kabisa yaliyowahi kuonekana kwenye saa yake, mwisho wa zile kilomita 5, yalikuwa 188. Maana yake alikuwa akifanya mazoezi yake yote kwenye asilimia 91 ya uwezo wa moyo wake. (Ile kanuni ya kutoa umri kwenye 220 ingempa 182, na tayari alishaivuka. Kanuni hiyo inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi kwenda juu au chini, kwa hiyo siitumii kumpangia mtu mmoja mmoja.) Zile kilomita 10 za Jumamosi, ukizilinganisha na muda wake wa kilomita 5, zilikuwa ndio ukomo wake. Alikimbia mashindano bila namba kifuani, na akarudi nyumbani akiamini amefanya zoezi la kawaida.

Ratiba iliandika "mbio nyepesi". Haikueleza nyepesi ni ipi. Anayeanza hana kipimo cha neno hilo, kwa sababu hajawahi kukimbia kwa wepesi. Kwake kukimbia kunamaanisha kuhema.

Maumivu yenyewe

Mimi si daktari, na jambo la kwanza nililotaka kujua ni kama tunashughulika na kitu cha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Muundi, yaani mfupa wa mbele kati ya goti na kifundo cha mguu, unaweza kuuma kwa namna mbili zinazofanana sana kwa nje. Moja ni uchungu wa ukingo wa ndani wa mfupa, pale misuli na utando wake vinaposhikana nao. Nyingine ni ufa mdogo unaotokana na mzigo wa kurudiarudia. Huu wa pili si wa kuchezea: ukiendelea kukimbia juu yake, mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

Nilimwomba akae, akunje goti, apitishe kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa muundi kutoka juu kwenda chini, akibonyeza kila baada ya upana wa kidole. Maumivu yalianzia katikati ya mfupa na kushuka hadi karibu na kifundo, eneo refu kama kiganja. Hapakuwa na nukta moja iliyouma kupita nyingine zote. Usiku hayakumwamsha. Akiwa amekaa hayakuwepo. Aliporuka kwa mguu mmoja aliumia, lakini kwa kutawanyika vilevile. Dalili hizi zinaelekea kwenye ule uchungu wa ukingo wa mfupa. Maumivu yaliyotawanyika kwenye sentimita 5 au zaidi za ukingo wa ndani ndiyo alama ambayo wataalamu huitegemea. Yakikaa kwenye nukta moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yakauma ukiwa umepumzika au usiku, hapo hakuna cha kuvumilia wala cha kumuuliza kocha. Mwenye maumivu ya namna hiyo aende akapimwe, na ajue kwamba eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa uliopo. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ndicho kinachouona mapema.

Hata hivyo nilimshauri aonane na daktari, akaenda Jumatatu. Ufa haukuwepo.

Sababu zilizotajwa, na kwa nini sikuzikubali

Yeye mwenyewe alilaumu raba. Marafiki zake walimwambia hanyooshi misuli ya kutosha. Mmoja akamwambia, kwa nia njema naamini, kwamba mwili wake "si wa kukimbia".

Raba ni zilezile alizoanza nazo wiki ya kwanza, hazikuchakaa na zilimkaa vizuri. Kitu ambacho hakikubadilika ni vigumu kukifanya chanzo cha tatizo lililojitokeza ghafla wiki ya tano. Kunyoosha misuli kunampa mtu raha na sina ugomvi nako, ila sijaona ushahidi wa kutosha kwamba kunakinga muundi. Kuhusu mwili usiofaa, kauli hiyo inaniudhi. Inawafukuza watu wengi barabarani kuliko maumivu yenyewe, na mara nyingi husemwa na mtu ambaye hajaangalia daftari la mazoezi hata ukurasa mmoja.

Nilichokiona mimi ni mwili uliokuwa ukifanya kazi yake sawasawa, isipokuwa sehemu zake hazikui kwa kasi moja.

Ukianza kukimbia, mabadiliko ya kwanza hutokea kwenye damu. Ndani ya siku chache sehemu yake ya maji huongezeka, na katika wiki moja au mbili ongezeko linaweza kufika asilimia 10 hivi. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mapigo yanashuka, na ile pumzi iliyokuwa ikikatika inaanza kutulia. Misuli inafuata baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo kufikia wiki ya nne au ya tano mtu anajisikia mpya kabisa, na hajidanganyi: pumzi kweli imeongezeka.

Mfupa una ratiba yake. Ukipata mzigo mgeni haujengi kwanza. Hufanya kama fundi anayekarabati ukuta, ambaye hubomoa sehemu iliyochoka kabla hajapanga matofali mapya. Seli zinazokula mfupa wa zamani hufanya kazi kwa takriban wiki tatu mahali husika, ndipo zile zinazojenga huingia, na kazi yao huchukua kama miezi mitatu. Katikati hapo kuna kipindi ambacho mfupa una vitundu vingi kuliko siku ulipoanza mazoezi. Hesabu sasa: wiki ya tano na ya sita zinaangukia humohumo. Pale pumzi inapomwambia mtu "ongeza", muundi wake uko katikati ya ukarabati.

Jeshini jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika kuhusu askari waliovimba miguu kwa sababu ya kutembea gwaride na safari ndefu. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa bado. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba mifupa ya nyayo zao ilikuwa na nyufa. Vijana wenye afya na pumzi nyingi, waliopewa mzigo mpya kwa ghafla.

Kwa dada yetu mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani? Saa yake ilionyesha hatua 158 kwa dakika. Katika dakika 61 na sekunde 40 za Jumamosi ile, hizo ni hatua zaidi ya 9,700, karibu 4,870 kwa kila mguu. Mguu unapotua katika kukimbia hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Tukichukua mbili na nusu, kila hatua ilikuwa kama kilo 160. Muundi wa kushoto ulipokea mzigo huo mara 4,870 mfululizo, wakati mbio yake ndefu kuliko zote kabla ya hapo ilikuwa kilomita 7, na wiki mbili kabla ilikuwa 5.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye ile kanuni maarufu ya kutoongeza umbali kwa zaidi ya asilimia 10 kila wiki. Wengi wanaichukulia kama sheria. Utafiti uliofanyika Groningen, Uholanzi, na kuchapishwa 2008, uliwagawa wanaoanza makundi mawili: moja likaongeza taratibu kwa mtindo huo kwa wiki 13, jingine likafuata ratiba ya kawaida ya wiki 8. Walioumia walikuwa karibu sawa pande zote, kama mmoja kati ya watano. Kisha mwaka 2025 ukachapishwa utafiti wa wakimbiaji zaidi ya 5,000 waliofuatiliwa kwa saa zao, na ulichokionyesha ni kwamba hatari hupanda pale mbio *moja* inapoizidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita. Mimi nimeacha kuhesabu asilimia za wiki kwa wanaoanza. Naangalia mbio ndefu. Kutoka 5 kwenda 7, hata kukiwa na ile 6 katikati, ni asilimia 40. Kutoka 7 kwenda 10 ni 43. Miruko miwili ndani ya siku nane, yote kwa mwendo wa mashindano.

Na mwendo una uzito wake. Kuna anayeweza kuuliza: ukikimbia polepole si unapiga hatua nyingi zaidi kwa umbali uleule? Ndiyo. Lakini uchovu wa mfupa haupandi sawasawa na mzigo. Nguvu ya kila hatua ikiongezeka kidogo, madhara huongezeka sana. Hatua nyingi nyepesi zinavumilika kuliko hatua chache nzito, na kupunguza kasi kunamsaidia anayeanza hata pale anapodhani anajichosha bure.

Jambo la mwisho daftari halikulisema waziwazi, ikabidi niulize. Alikuwa akitaka kupungua uzito, na tangu wiki ya tatu alikuwa ameacha kula usiku. Hedhi yake ilikuwa ya kawaida, jambo lililonipunguzia wasiwasi, kwa sababu kukatika kwa hedhi kwa mwanamke anayefanya mazoezi ni kengele ya hatari kwa mifupa. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo mwaka 2014, na tamko hilo haliwahusu mabingwa peke yao. Mfupa unajengwa kwa chakula. Ukiongeza mazoezi na kukata mlo katika mwezi mmoja, unamnyima fundi matofali siku aliyobomoa ukuta. Siwezi kupima jambo hili lilichangia kiasi gani hapa, ila nilimwomba mlo wa usiku urudi siku hiyohiyo, hasa siku za mazoezi.

Tulichofanya

Wiki mbili hakukimbia. Aliendesha baiskeli na kutembea ndani ya maji, ili pumzi aliyoipata kwa jasho isipotee. Kisha nikampima nguvu ya shavu la mguu: asimame kwa mguu mmoja, ashike ukuta kwa vidole viwili, ainuke kwa vidole vya mguu hadi juu kabisa na kushuka taratibu. Kulia aliinuka mara 17. Kushoto, ya nane ilianza kutetemeka, na ya tisa kisigino hakikufika hata nusu ya kimo. Tofauti hiyo ilimshtua kuliko jambo lolote nililomwambia. Msuli wa shavu hupunguza kupinda kwa muundi kila mguu unapotua. Ukichoka mapema, kazi yake inabaki kwa mfupa. Tulifanya zoezi hilo siku tatu kwa wiki, raundi tatu, nusu ya marudio goti likiwa limenyooka na nusu nyingine likiwa limekunjwa kidogo ili kuufikia msuli wa ndani. Halina mvuto wowote na kila mtu hutamani kuliruka.

Sharti la kurudi lilikuwa kutembea kwa haraka nusu saa, siku tatu mfululizo, bila maumivu. Alilitimiza wiki ya tisa. Akaanza dakika moja kukimbia, moja kutembea, mara kumi, siku moja akikimbia na inayofuata akipumzika. Maumivu tuliyapa namba kutoka 0 hadi 10. Mpaka 2 wakati wa mazoezi yaliruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi yawe yamekwisha. Zaidi ya hapo, kutembea hadi nyumbani. Wiki ya 13 yalifika 3 kwenye kilomita ya nne. Alisimama, akatembea, na wiki hiyo ikarudiwa yote. Simwoni kama aliyerudi nyuma. Miezi miwili kabla angemalizia.

Kilichomsumbua zaidi ni mwendo mpya: dakika 7:20 hadi 7:45 kwa kilomita. "Kocha, watu wanaotembea wananipita." Kipimo nilichompa ni cha zamani. Arthur Lydiard wa New Zealand, kocha aliyemfundisha mkimbiaji Peter Snell kushinda dhahabu ya Olimpiki Rome 1960 na mbili Tokyo 1964, alianzisha pia Auckland, mwaka 1962, mbio za taratibu kwa watu wa makamo, wakiwemo waliougua moyo. Kigezo kilikuwa kuweza kuzungumza ukiwa unakimbia. Sentensi nzima, si neno neno. Na mtafiti Stephen Seiler, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa mbio na michezo mingine ya uvumilivu, alikuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Kama bingwa anakwenda polepole siku nne kati ya tano, aliyeanza mwezi jana anaharakisha nini? Nilimwambia apige simu akiwa anakimbia. Alinipigia mimi, akalalamika njia nzima, na hakuhema.

Uamuzi wa mbio za 21

Hapa tulibishana kweli. Kutoka wiki ya tisa hadi ya 18 zilibaki wiki kumi kasoro siku chache. Kwa kuongeza mbio ndefu bila kuruka, angefika kilomita 9 au 10 kabla ya siku yenyewe. Kumaliza 21 baada ya hapo inawezekana. Watu hufanya hivyo, wengine wakitembea nusu ya pili. Hoja yake ilikuwa kwamba ameshawatangazia watu. Yangu ilikuwa kwamba ule muundi ungekuwa bado katika miezi yake ya ujenzi, na mbio ya mara mbili ya ndefu yake ingekuwa mruko mkubwa kuliko wote uliomwumiza. Alikaa na jambo hilo siku kadhaa kisha akahamisha usajili wake kwenda mbio za kilomita 10 za siku hiyohiyo.

Alizikimbia kwa mtindo wa dakika tisa kukimbia na moja kutembea, tangu kilomita ya kwanza, kabla hajachoka. Saa 1, dakika 7 na sekunde 20. Hiyo ni polepole kuliko Jumamosi ya wiki ya sita kwa zaidi ya dakika tano, na kesho yake maumivu yalikuwa 0.

Sasa anakimbia siku tatu kwa wiki, kilomita 22 hadi 25, mbio ndefu imefika 12, na mguu wa kushoto huinuka mara 20. Wiki ikimponyoka, haifidii. Anaendelea na inayofuata kama vile ile haikuandikwa. Amejiandikisha 21 za msimu ujao. Tunachobishania kwa sasa ni siku ya nne: yeye anaitaka tangu jana, mimi nasema isubiri mpaka mbio ndefu ifike 14 na ikae hapo wiki mbili bila namba yoyote ya maumivu kwenye daftari.